Nafuu ambayo wazazi wengi hawakuambiwa

Tume inayochunguza jinsi Uingereza ilivyokabiliana na janga la corona, chini ya Baroness Heather Hallett, imetenga sehemu nzima ya kazi yake kwa watoto na vijana. Imefanya vyema. Watoto walifungiwa kwa muda mrefu ingawa ugonjwa wenyewe haukuwadhuru sana, na wazazi wao walibebeshwa mzigo ambao hakuna aliyewauliza kama wanauweza. Lakini lipo jambo moja ambalo tusingependa limezwe na wingi wa ripoti. Ni ule mgogoro wa Mei 2020 kuhusu nani alikuwa na haki ya kutafuta mtu wa kumwangalizia mtoto, na nani alihesabiwa mvunja sheria kwa kufanya hivyo hivyo.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Wananchi walikuwa na haki ya kukasirika. Sheria ilikuwa na nafuu ndani yake, nafuu hiyo ikamfaa mshauri mkuu wa Waziri Mkuu, na wazazi wengi mno walikuwa hawajui hata kama ipo.

Jioni ya Jumatatu, 23 Machi 2020, Waziri Mkuu Boris Johnson alitokea kwenye televisheni akawaamuru watu wakae majumbani. Ruhusa ya kutoka ilikuwa ya mambo machache tu: kununua chakula na dawa, mazoezi mara moja kwa siku, matibabu au kumsaidia asiyejiweza, na kazi isiyoweza kufanyika nyumbani. Siku tatu baadaye kanuni zikapata nguvu ya sheria, na polisi wakapewa mamlaka ya kutoza faini. Shule na vituo vya kulelea watoto vilikuwa vimefungwa tangu Ijumaa iliyotangulia, isipokuwa kwa watoto wa wafanyakazi muhimu na wale walio katika mazingira hatarishi. Mwenye dalili za ugonjwa alitakiwa ajitenge siku 7, na kila anayeishi naye siku 14, bila kutoka kwa sababu yoyote. Wazee wa miaka 70 na zaidi walihimizwa wawe waangalifu kupita wengine wote.

Asiye na mtoto mdogo huenda aliyasikia haya kama masharti ya kawaida ya wakati wa tauni. Mwenye mtoto alijua usiku ule ule kwamba maisha yamepinduka. Malezi ya mtoto aliye chini ya miaka mitano ni ghali sana Uingereza, na familia nyingi huziba pengo kwa babu na bibi. Bibi huwapokea wajukuu wakitoka shule saa tisa alasiri. Babu hukaa nao siku mbili za wiki ili mama aende kazini. Ghafla watu hao hao ndio walioambiwa wasisogelewe. Mwuguzi alipewa nafasi ya mtoto wake shuleni mchana, ila zamu ya usiku haina shule. Mfanyakazi wa ofisini alipeleka kazi mezani jikoni, mtoto wa miaka miwili akimvuta nguo huku bosi akimwita kwenye kompyuta. Na mama anayelea peke yake, akishikwa na homa, aliwaza jambo moja tu: nikizidiwa, nani atampikia mtoto uji?

Watu walivumilia, kwa sababu waliamini kwamba kila mtu anavumilia. Mwishoni mwa Machi kijana wa miaka 13 alifariki hospitalini London bila mzazi kando yake, kwa kuwa hospitali hazikuruhusu ndugu kuingia. Nchi nzima ililisikia hilo. Wazazi waliolisikia hawakuhitaji polisi wa kuwazuia mlangoni.

Sasa tuje kwa Dominic Cummings, yule mshauri mkuu wa Johnson. Ijumaa ya 27 Machi, siku Johnson mwenyewe alipotangaza kwamba ameambukizwa, Cummings alipata habari kwamba mkewe ni mgonjwa. Alihofia kwamba wote wawili watalala kitandani na mtoto wao wa miaka minne akose mtu wa kumtunza. Usiku huo waliondoka London kwa gari hadi Durham, kaskazini mashariki mwa England, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, wakafikia katika nyumba iliyo kwenye shamba la baba yake. Jirani walikuwapo wapwa zake waliokuwa tayari kumlea mtoto iwapo wazazi wangeshindwa. Yeye mwenyewe aliugua kesho yake. Kwa maelezo yake, dada yake aliwaletea chakula akakiacha nje. Tarehe 12 Aprili, Jumapili ya Pasaka, akampakia mke na mtoto garini wakaenda mji wa Barnard Castle, umbali wa karibu kilomita 45. Alisema alitaka kujaribu kama macho yake yanafaa kwa safari ndefu ya kurudi kazini. Siku iliyofuata wakarudi London.

Hayo yote yalibaki siri hadi 22 Mei, magazeti ya Daily Mirror na The Guardian yalipoyaandika. Mwezi mmoja kabla, yeye na mkewe walikuwa wamesimulia hadharani jinsi walivyougua, wote wawili katika jarida la The Spectator na mke pia katika redio ya BBC, bila kutaja kwamba hawakuwa London.

Sehemu ya kwanza ya kisa hiki tunaielewa. Mke mgonjwa, baba anajisikia vibaya, mtoto wa miaka minne hawezi hata kujimiminia maji. Mzazi yeyote mwenye moyo angetafuta ndugu. Wala hatukubaliani na waliokwenda kupiga kelele na kutukana mbele ya nyumba yake mtaani, kwa sababu ndani ya nyumba ile alikuwamo mtoto asiyehusika na siasa. Lakini kumweka mtoto kiti cha nyuma na kuendesha hadi mji mwingine ili kujaribu macho hakuna uhusiano na malezi yake. Kama macho yana shaka, mtoto ndiye wa kwanza kubaki nyumbani.

Kilichowachoma watu zaidi ya safari zenyewe kilikuwa jinsi serikali ilivyomtetea. Jumamosi, 23 Mei, mawaziri waliandika mmoja baada ya mwingine, kwa maneno yanayofanana. Michael Gove alisema kumtunza mke na mtoto si uhalifu. Matt Hancock, Waziri wa Afya, alisema ilikuwa sahihi kabisa kwa Cummings kumtafutia mwanawe malezi. Suella Braverman, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye kazi yake ilimtaka akae mbali na shauri lolote linaloweza kufika polisi, naye alijitokeza kumtetea. Jumapili Johnson akasema mshauri wake alifuata silika ya kila baba na kila mzazi, na kwamba alitenda kwa uwajibikaji, kwa kufuata sheria na kwa uadilifu.

Kauli hiyo ya silika ya kila mzazi iliwaumiza watu kuliko lolote lililosemwa wiki ile, na tunaona sababu. Kuna baba aliyekaa ndani siku 14 na watoto watatu katika nyumba ya vyumba viwili, mkewe akikohoa chumba cha pili, naye akimsogezea sahani kwa mguu hadi mlangoni. Huyo aliambiwa kwamba baba halisi angewasha gari. Kuna mama aliyemkatalia mama yake mzazi asije, akamwonyesha mjukuu kupitia dirishani, mzee akaondoka analia. Huyo naye alijikuta kama aliyepungukiwa upendo. Watu hao walikuwa na silika kama ya mtu mwingine yeyote. Waliizuia kwa sababu serikali iliwaomba, tena iliwaomba kwa jina la wagonjwa na wauguzi.

Wiki chache tu kabla, viongozi wa aina hiyo hiyo walikuwa wamepimwa kwa kipimo kingine. Dakta Catherine Calderwood, Mganga Mkuu wa Scotland, ambaye sura yake ilikuwa kwenye matangazo ya kuwataka watu wakae nyumbani, alikwenda mara mbili kwenye nyumba yake ya mapumziko pwani ya Fife. Habari zilipotoka aliomba radhi, na usiku wa 5 Aprili akajiuzulu. Tarehe 5 Mei Profesa Neil Ferguson wa Imperial College, mtaalamu ambaye hesabu zake zilichangia kuifunga nchi, alijiondoa kwenye jopo la washauri wa serikali baada ya gazeti kufichua kwamba mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye alimtembelea nyumbani. Hancock alisema wakati ule kwamba Ferguson amefanya sawa kuondoka, na kwamba kama kuna la kuchunguza, polisi wapo. Siku 18 baadaye alikuwa mstari wa mbele kumtetea Cummings. Mwaka uliofuata, Juni 2021, Hancock mwenyewe alijiuzulu kwa kuvunja masharti ya kutokaribiana.

Ndani ya chama cha Conservative kulikuwa na watu walioliona. Zaidi ya wabunge 40 wa chama hicho walitaka Cummings aondoke. Douglas Ross, naibu waziri katika ofisi ya Scotland, alijiuzulu 26 Mei akisema hawezi kuwaambia wapiga kura wake, waliokosa kuwaaga wapendwa wao, kwamba wao wote walikosea na mshauri mmoja wa serikali ndiye aliyepatia.

Je, Cummings alivunja sheria? Polisi wa Durham walichunguza wakatoa jibu 28 Mei. Kukaa kwake katika nyumba ya baba yake hawakukuona kuwa kosa chini ya kanuni. Safari ya Barnard Castle huenda ilikuwa kosa dogo ambalo, laiti angesimamishwa njiani, askari angemwambia ageuze gari. Hawakumchukulia hatua, kwa kuwa hawakuwa wakiwachukulia wengine hatua kwa makosa yaliyokwisha kupita. Tunalikubali jibu hilo. Polisi walifanya kazi yao bila upendeleo.

Basi hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kama kukimbilia kwa ndugu kwa ajili ya mtoto hakukuwa kosa, kwa nini nchi nzima iliamini ni kosa?

Jibu linapatikana katika mkutano wa waandishi wa habari wa 24 Machi 2020, siku moja baada ya tangazo la Johnson. Dakta Jenny Harries, Naibu Mganga Mkuu wa England, aliulizwa wazazi wafanye nini wote wawili wakiugua. Akajibu kwamba mtoto mdogo ni mtu asiyejiweza, na kwamba wazazi kushindwa kumtunza ni hali ya kipekee. Wasio na ndugu wala jirani, akasema, wangesaidiwa kupitia halmashauri zao. Lilikuwa jibu la kiungwana na la kitabibu. Tatizo ni kwamba lilitolewa mara moja, alasiri moja, kwa waandishi waliokuwa wakiuliza mambo mengine ishirini. Halikubandikwa kwenye vituo vya mabasi. Halikuwekwa kwenye barua ambayo Johnson aliipeleka kwa kila nyumba. Bango lililojaa kila mahali lilikuwa na amri tatu: kaa nyumbani, linda huduma ya afya, okoa maisha.

Mwenye ofisi Downing Street, makao ya Waziri Mkuu, alizungukwa na watu wanaojua kila kipengele cha mwongozo na kila neno lililosemwa kwenye mikutano hiyo. Mhudumu wa wazee mjini Leicester, anayetoka kazini saa mbili usiku, angejulia wapi? Alisoma bango akalitii. Hakuna wakati wowote katika wiki zile tisa, kuanzia amri ilipotoka hadi magazeti yalipofichua, ambapo waziri alisimama akasema kwa sauti: wazazi, mkiugua wote na mtoto hana mtu, mpelekeni kwa ndugu, hamtaadhibiwa. Walilisema mara tu mwenzao alipolihitaji.

Na hata pale masharti ya malezi yalipoanza kulegezwa, yalilegezwa kuanzia juu. Kuanzia 13 Mei, mayaya waliruhusiwa kurudi kazini katika nyumba za watu, na walezi wanaolea watoto majumbani kwao kwa malipo waliruhusiwa kupokea watoto wa familia moja. Wafanyakazi wa usafi nao waliweza kurudi. Lakini bibi aliyekuwa akimlea mjukuu bure hakuruhusiwa kuingia nyumba ile ile ambayo yaya aliingia. Ruhusa yake ilikuwa kukutana na mtu mmoja wa familia, nje, kwa umbali wa mita mbili. Tunafahamu hoja ya umri, kwamba mzee huathirika zaidi. Hata hivyo bibi wengi Uingereza wana miaka hamsini na kitu, na kanuni haikuuliza umri. Iliuliza kama kuna malipo. Afadhali kidogo ilikuja 13 Juni, pale aliyekuwa akiishi peke yake, au mzazi anayelea watoto bila mwenza, aliporuhusiwa kujiunga na kaya nyingine moja. Kwa wengine, wenye wazazi wawili ndani na babu na bibi wawili upande wa pili, hakukuwa na kitu hadi Julai.

Kati ya walioumia kwa kanuni hizi wamo wasomaji wetu. Wako Waswahili na watu wengine wa Afrika Mashariki na Kongo wanaofanya kazi za uuguzi na za kutunza wazee katika miji ya Uingereza, na bibi wa watoto wao yuko Tanga, Mombasa au Bujumbura. Ndugu wa karibu kwao ni jirani wa ghorofa ya chini, mama wa msikitini, au dada wa kanisani anayekaa na mtoto zamu ikigongana. Mpangilio wa aina hiyo haukuwa na jina kwenye kanuni yoyote, basi ulikatazwa kimyakimya. Na kwa wengi wao visa imewekewa sharti la kutogusa fedha za umma, ambalo huwanyima ruzuku nyingi za serikali, zikiwamo saa 30 za malezi ya bure ambazo wazazi wengine wanaofanya kazi hupata.

Tarehe 27 Mei 2020, siku mbili baada ya Cummings kuzungumza na waandishi katika bustani ya Downing Street na kusema hajutii alichofanya, Johnson alihojiwa na kamati ya wenyeviti wa kamati za Bunge. Waliuliza sana kuhusu Cummings. Kisha mbunge Stephen Timms akamweleza habari za familia moja ya wahamiaji, yenye watoto, ambayo kipato kimekatika na haiwezi kupata msaada kwa sababu ya sharti hilo la visa. Johnson alishangaa, akauliza kwa nini hawastahili kupata posho ya serikali. Waziri Mkuu hakujua kwamba sharti hilo linawabana wazazi waliokuwa wakifanya kazi halali nchini mwake. Katika kikao kile kile alijua kwa undani, na kwa huruma, shida ya mzazi mmoja aliyekuwa akifanya kazi naye. Hatudai kwamba alikuwa na nia mbaya. Tunasema alimwelewa aliye karibu yake, na nchi ikatungiwa kanuni na watu ambao karibu yao hakuna mhudumu wa wazee wala mfagia hospitali.

Akina mama ndio waliobeba kipande kikubwa. Utafiti uliotolewa na IFS, taasisi ya utafiti wa uchumi, mwishoni mwa mwezi huo huo wa Mei ulionyesha kwamba akina mama walikuwa wakipoteza au kuacha kazi kwa wingi kuliko akina baba, na waliobaki kazini walikuwa wakikatizwa na watoto mara nyingi zaidi. Kila wiki iliyopita bila nafuu ya malezi ilikuwa na mshahara wa mama fulani ndani yake.

Mtu angetarajia serikali ijifunze. Miezi minne baadaye ilirudia. Tarehe 18 Septemba 2020 masharti mapya yaliwekwa kaskazini mashariki mwa England, Newcastle, Sunderland na maeneo jirani, kukataza kaya kuchanganyika. Malezi ya kulipia yaliendelea kuruhusiwa. Malezi ya babu na bibi yakakatazwa, shule zikiwa wazi na wazazi wakitakiwa kazini. Miongoni mwa maeneo hayo ilikuwamo County Durham. Yaani katika jimbo lile lile ambalo mshauri wa Waziri Mkuu alikimbilia kwa ndugu ili mtoto apate wa kumwangalia, familia za hapo hapo zilikatazwa kuwaachia ndugu zao watoto wa kwenda nao shule. Kelele zikapigwa, wabunge wa eneo hilo wakaja juu, na 21 Septemba Hancock akasimama bungeni kutangaza kwamba malezi ya watoto walio chini ya miaka 14 yataruhusiwa katika maeneo yenye masharti, yawe ya kulipia au ya ndugu. Ilichukua siku tatu. Tunauliza kwa nini haikuwamo tangu siku ya kwanza, baada ya yote yaliyotokea Mei.

Madhara ya Mei yalikwenda mbali zaidi ya hasira. Watafiti wa University College London, waliokuwa wakifuatilia maoni ya makumi ya maelfu ya watu tangu Machi, waliandika katika jarida la The Lancet mwezi Agosti 2020 kwamba imani kwa serikali England ilishuka ghafla kuanzia 22 Mei, na haikupanda tena wiki zilizofuata. Scotland na Wales, zenye serikali zao, hazikuonyesha mporomoko wa namna hiyo. Cummings mwenyewe, mwaka mmoja baadaye, aliwaambia wabunge kwamba mambo yale yaliharibu imani ya umma, na kwamba hakuwa ameeleza habari yote, kwa kuwa vitisho dhidi ya familia yake vilikuwa sehemu kubwa ya sababu ya kuondoka London. Kama ni hivyo, basi mtoto na malezi yake walitumiwa kama maelezo kwa umma wakati maelezo mengine yalikuwapo. Mzazi aliyejinyima hastahili kufanyiwa hivyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 20 Mei 2020, siku mbili kabla ya magazeti kumwandika Cummings, watu wapatao mia walikuwa wamealikwa kwenye tafrija katika bustani ya Downing Street, wakiombwa waje na vinywaji vyao. Hayo yalifichuliwa Januari 2022. Polisi wa London hatimaye walitoza faini 126 kwa watu 83 kwa mikusanyiko ya ofisi za serikali, akiwamo Johnson na waziri wake wa fedha, Rishi Sunak.

Tunaambiwa na baadhi ya watu kwamba ni mambo ya zamani, kwamba serikali ile imeondoka na waliohusika wamekwisha kulipa kisiasa. Wanasiasa wamelipa kisiasa. Wazazi walilipa pauni, na pauni zao hazijarudi.

Katika mkutano wa waandishi wa 26 Mei 2020, kasisi mmoja wa Brighton alimuuliza Hancock kama serikali itapitia upya faini za familia zilizosafiri kutafuta malezi ya watoto wakati wa amri ya kukaa nyumbani. Hancock alikiri kwamba ni swali zuri, akaahidi kuliangalia pamoja na wenzake wa Hazina. Halikuchukua muda serikali ikasema hakutakuwa na mapitio. Faini ilianza kwa pauni 60, ikapanda hadi 100, na ilirudufiwa kwa kila kosa jipya. Aliyetozwa hakuwa na njia ya kukata rufaa. Angeweza kulipa, au kukataa kulipa na kusubiri kushtakiwa mahakamani. Aprili 2021 Kamati ya Bunge ya Haki za Binadamu, chini ya Harriet Harman, ilisema utaratibu huo ulikuwa na mkanganyiko na ubaguzi, kwamba vijana, watu weusi na Waasia, na wakazi wa maeneo maskini ndio walioguswa zaidi, na ikapendekeza kila faini ipitiwe upya. Faini zilizotolewa England na Wales wakati wa janga zilizidi 100,000.

Tunataka pendekezo hilo litekelezwe, na lianze na wazazi. Serikali iliyopo haina mshauri wa kumlinda katika jambo hili. Majalada ya polisi yapo, na yanaonyesha sababu aliyoitoa kila aliyesimamishwa. Pale mzazi aliposema anampeleka au anamchukua mtoto kwa mtu wa kumlea, faini ifutwe, fedha zirudishwe, na aliyehukumiwa mahakamani kwa kutolipa afutiwe hukumu yake. Tena barua ya kumjulisha ipelekwe nyumbani kwake, kama ile ya mwaka 2020 ilivyopelekwa kila nyumba, na safari hii iandikwe waziwazi nafuu anayostahili ni ipi.